Jiwe la Sadaka na Majumba ya Ndege

Istanbul ni mji ambao mgeni huonyeshwa vitu vikubwa: Hagia Sophia iliyokamilika mwaka 537, minara sita ya msikiti wa Sultan Ahmed, kasri la masultani linalotazama bahari. Hayo yameandikwa ya kutosha, na picha zake zimetundikwa katika kumbi nyingi za pwani yetu. Sisi tulijaliwa siku moja tu mjini humo, njiani tukirudi kutoka Umra. Wenzetu wa msafara walipoelekea Soko Kuu kununua mitandio na vyombo, tulishika njia yetu peke yetu, kutafuta vile vidogo visivyotiwa katika kadi za posta.

Aliyetutangulia katika mwendo wa namna hiyo ni Ibn Battuta. Alipita Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja, na katika aliyoyasimulia kuhusu wahenga wetu ni kwamba walitembea miguu mitupu, na kwamba milangoni mwa misikiti yao ya mbao palikuwa na visima na chombo cha mti chenye mpini, ili mtu aoshe miguu kabla ya kuingia. Miaka michache baadaye alifika huku, mji ulipokuwa bado Konstantinopoli ya Warumi wa Mashariki, akiwa katika msafara wa binti wa mfalme wao aliyeolewa na Khan Uzbek. Hagia Sophia hakuingia ndani, kwa kuwa kila aliyeingia alitakiwa kuusujudia msalaba. Akaridhika na kueleza ya nje. Msafiri aliyejali chombo cha kuoshea miguu ndiye tuliyependa kufuata nyayo zake.

Asubuhi tulishuka chini ya ardhi, katika birika la Yerebatan lililojengwa karne ya 6, zama za mfalme Justinian. Nguzo 336 zimesimama humo katika giza na unyevu. Mbili kati yake zimekalia vichwa vya mawe vya Medusa, mwanamke wa hekaya za Wayunani mwenye nyoka badala ya nywele. Kimoja kimelazwa ubavu, cha pili kimepinduliwa juu chini. Wageni hunong'onezana kuhusu uchawi. Maelezo mepesi ni kwamba waashi walihitaji mawe ya kimo fulani, wakayaokota katika majengo ya kale, wakayageuza yalivyowatosha. Na katika Hagia Sophia iko nguzo yenye tundu ambamo watu, kizazi baada ya kizazi, wametia kidole gumba na kukizungusha wakitaraji tiba. Kidole chetu kilibaki mfukoni.

Kutoka hapo ni mwendo mrefu kidogo wa miguu hadi Zeyrek, katika wilaya ya Fatih, ambako upo msikiti mdogo usio na la kumvuta mpiga picha ila jina lake: Sanki Yedim, yaani "Kana kwamba nimekula." Wenyeji husimulia kuwa alikuwapo mtu wa kawaida, wamwita Keçeci Hayreddin, ambaye kila nafsi yake ilipotamani tunda au kipande cha nyama sokoni, alijiambia, "Kana kwamba nimekula," kisha akaitia bei yake katika kibubu. Miaka ikapita, kibubu kikajenga msikiti. Jengo la leo ni la karne ya 20, maana lile la kwanza liliungua, lakini jina halikubadilishwa. Akina mama wanaoficha shilingi ya mboga chini ya mtungi hawahitaji kufafanuliwa hadithi hii. Tulisali rakaa mbili, tukateremka hadi gati ya Eminönü.

Mwenye kuizoea feri ya Likoni hatapata ugeni wowote katika kuvuka Bosphorus, isipokuwa kwamba huko abiria huketi wakinywa chai katika gilasi ndogo, na upande wa pili ni bara jingine. Ng'ambo hiyo ni Üsküdar, na Üsküdar, wasomaji wetu, ni mji ulioandikwa na wanawake. Mara ushukapo gatini unakabiliana na msikiti wa Mihrimah, binti wa Sultan Suleiman, uliojengwa na mbunifu Sinan katika miaka ya 1540. Juu mlimani uko ule wa Nurbanu, uliokamilika mwaka 1583 pamoja na madrasa, hospitali, jiko la kulishia maskini na nyumba ya wasafiri. Hatua chache upo wa Kösem, wa mwaka 1640. Mabibi hawa hawakupanda mimbari hata siku moja. Waliandika hati za wakfu, na kodi za mashamba, maduka na hamamu zikalipa mishahara ya walimu, waganga na wapishi muda mrefu baada ya wao kufariki. Pwani yetu nayo haikukosa mabibi waliojenga misikiti na kuweka wakfu visima. Ni bahati mbaya kwamba majina yao twayasahau upesi kuliko majina ya wanasiasa.

Wa nne ni Gülnuş, aliyechukuliwa mateka kutoka kisiwa cha Krete akiwa msichana, akaja kuwa mama wa masultani wawili. Msikiti wake ulikamilika mwaka 1710. Kaburi lake liko kando ya barabara, limezungushiwa kuta za mawe na vyuma vilivyofumwa kama tundu la ndege, wala halina paa. Mvua humnyeshea, na mimea huota juu yake.

Na ndege hasa wana majumba yao. Katika msikiti huo, na zaidi katika ule wa Ayazma uliojengwa na Sultan Mustafa wa Tatu mwaka 1760, inua macho juu ya ukuta wa nje utaona vijumba vya mawe vilivyochongwa kwa ustadi: vina madirisha, vina makuba, vingine vina minara midogo kabisa. Waturuki waviita majumba ya ndege. Viliwekwa upande wenye jua, mbali na upepo mkali, juu mno kwa paka kufika, na paka wa Istanbul ni wengi kama wa Lamu. Tulisimama pale hadi shingo ikauma. Shomoro hana shukrani ya kutoa wala cheo cha kumpa mtu, na fundi alikaa siku kadhaa kumchongea dirisha.

Tulichokijia hasa kilikuwa mbele kidogo, mtaa wa Doğancılar. Ni nguzo ya jiwe, imesimama kando ya njia, na mpita njia angeidhani masalia ya jengo lililovunjwa. Hili ni jiwe la sadaka. Zamani mawe kama haya yalikuwa katika mitaa mingi ya mji. Juu yake pana shimo. Tajiri alipita, akanyosha mkono, akaacha pesa. Mhitaji alipita, akanyosha mkono vilevile, akachukua kadiri ya haja yake na kumwachia mwenzake. Tazama hekima ya jambo hili: mwenye kutoa na mwenye kuchukua wote wawili wanafanya kitendo kimoja, mkono unaingia juu ya jiwe na kutoka. Anayetazama kwa mbali hawezi kujua yupi ni yupi. Jiwe lilimsitiri maskini na aibu, likamsitiri na tajiri na ria.

Tulipokuwa tukiligusa jiwe lile tulikumbuka picha moja ya Ramadhani iliyotufikia katika simu. Mama mmoja mjane, buibui lake limefifia, amesimamishwa mbele ya bango, mikononi ameshika mfuko wa unga na chupa ya mafuta, na wanaume watatu wamemzunguka wakitabasamu. Yeye hakutabasamu. Watoto wake wanasoma shule yenye watoto wengine wenye simu.

Haki isemwe. Wengi wanaogawa hufanya kwa nia njema, na wafadhili walio mbali hudai ushahidi kwamba amana yao imefika. Wala sadaka ya wazi haikukatazwa. Aya ya 271 ya Suratul Baqara imeisifu, kisha ikaitaja ile inayofichwa na kupewa mafakiri kuwa ni bora zaidi. Aya ya 264 ya sura hiyo hiyo imeonya kwamba masimango na maudhi hubatilisha sadaka. Na katika wale saba wa kivulini Siku ya Kiyama, tuliosomeshwa na Bukhari na Muslim, yumo aliyetoa hata mkono wake wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. Vipi basi watu elfu mbili wa kundi la simu wajue? Akitaka ushahidi mfadhili, apigiwe picha magunia ghalani, apelekewe risiti na daftari lenye hesabu. Uso wa mjane si risiti.

Jiwe lenyewe leo halina pesa juu yake, lakini desturi haikufa; imehamia kwa waoka mikate. Mnunuzi hulipia mikate miwili, huchukua mmoja, na wa pili husema ni wa kutundikwa. Asiye na pesa huja akauliza kama upo uliotundikwa, akapewa, basi. Nasi tulinunua miwili.

Tuliporudi tulimweleza jambo hili muuza mkate wa mtaani kwetu. Akafikiri, akafuta meza, akasema, "Sasa sheikh, nitamjuaje maskini wa kweli?"

Tukamwambia wale wa Istanbul nao hawamjui.

"Watakula na wasiostahiki."

"Watakula, ndiyo. Mkate mmoja."

Akacheka. Kisha akauliza msumari wa kutundikia uwe upande gani, ndani ya duka au nje, na tukakubaliana uwe ndani, karibu na mlango, ambapo mtu anaweza kuusogelea bila kuonekana na walioketi barazani.