Dent: stesheni ndogo iliyokataa kufa

Wasikilizaji wetu wanaofuatilia habari za usafiri wanajua kwamba huduma ikiondolewa kijijini, kuirudisha ni kazi. Leo tunaeleza kisa cha Dent, kijiji cha wafugaji wa kondoo kaskazini mwa Uingereza. Treni zake ziliondolewa, zikarudi, kisha reli yote ikanusurika kufungwa.

Kwa nini stesheni iko mbali na kijiji?

Stesheni ya Dent iko zaidi ya kilomita 6 kutoka kijijini, juu mlimani. Ipo mita 350 juu ya usawa wa bahari, na hakuna stesheni ya reli kuu ya Uingereza iliyo juu zaidi. Reli hiyo, kutoka Settle hadi Carlisle, haikujengwa kwa ajili ya wanavijiji. Kampuni ya Midland ilitaka njia yake ya kupeleka treni za haraka Skotilandi. Ili zisipunguze mwendo, mlima ulipandwa polepole, takriban mita 1 kwa kila mita 100. Kwa hiyo njia ilibaki juu, na vijiji vikabaki bondeni. Abiria walianza kusafiri mwaka 1876, na stesheni ya Dent ikafunguliwa mwaka uliofuata.

Treni zaacha kusimama

Magari yalipoongezeka, serikali ilianza kupunguza reli zilizoonekana kuleta hasara. Mwaka 1970 Dent na stesheni nyingine ndogo za njia hiyo zilifungwa. Treni zilikuwa zikipita, lakini hazisimami. Kuanzia mwaka 1975, treni maalumu za kukodi zilianza kuleta watembeaji milimani siku chache za mwishoni mwa wiki. Hivyo stesheni hazikusahaulika kabisa.

Miaka ya 1980 hatari ikawa kubwa zaidi. Shirika la reli lilitaka kufunga njia yote, likisema daraja la Ribblehead, lenye matao 24, lingegharimu fedha nyingi kulitengeneza. Treni za kawaida za abiria zilikuwa zimebaki mbili tu kwa siku kila upande.

Sheria ilisaidiaje?

Kwa sheria ya wakati huo, reli ya abiria haikuweza kufungwa kabla ya malalamiko ya watumiaji kusikilizwa. Kila abiria aliweza kuandika shida atakayoipata. Maelfu waliandika. Hata mbwa mmoja, Ruswarp, aliwekewa alama ya unyayo wake kwenye pingamizi, nayo ikakubaliwa, kwa sababu alikuwa akilipiwa nauli.

Wakati huohuo watu walizidi kupanda treni. Mwaka 1986 stesheni 8 ndogo zilifunguliwa tena, Dent ikiwemo. Mwezi Aprili 1989 serikali ilikataa ombi la kufunga njia, na daraja likatengenezwa.

Hali ikoje leo?

Treni kati ya Leeds na Carlisle husimama Dent mara kadhaa kwa siku, Jumapili zikiwa chache zaidi. Nyumba ya zamani ya stesheni hukodishwa kwa wageni.

Barua zilizopingana na ufungaji hazikuwa za wataalamu. Nyingi ziliandikwa na watu wa kawaida, kila mmoja akieleza safari yake. Lakini barua peke yake zisingetosha kama treni zingeendelea kupita tupu.