Tiki na Ufa wa Mgongoni

Tiki yangu ya kwanza ilipasuka usiku. Nilikuwa nimeichonga kwa wiki tatu kutoka kwenye gogo bichi la mshelisheli ambalo jirani aliliangusha kupisha ukuta, nikaisimamisha barazani, nikaenda kulala nimeridhika. Saa saba ukasikika mlio mkavu, kama nazi iliyopigwa kwa mgongo wa panga. Nilipotoka na tochi nikakuta ufa umeanzia utosini, umepita katikati ya macho, umeigawa pua na kushuka hadi kitovuni. Patasi zangu hazikuwa na lawama. Kilichoniponza ni maji, na tangu usiku ule kila anayeniambia anataka kujifunza kuchonga ninamzungumzia maji kabla hajashika chuma.

Kwanza tujue tunachonga nini. Tiki ni sanamu yenye umbo la mtu, na asili yake ni Polynesia, visiwa vilivyotawanyika katika Bahari ya Pasifiki. Katika masimulizi ya Wamaori wa Nyuzilandi, Tiki ni jina la mtu wa kwanza. Katika Visiwa vya Marquesas neno hilo ni la sanamu zinazowakilisha wahenga waliotukuzwa na miungu. Hawaii wanasema ki'i, kwa sababu huko t ya wenzao imekuwa k, na k yao imemezwa kooni. Msikilizaji wa Kiswahili hatashangaa: mtu wa Mombasa akisema ndia, wa Unguja akasema njia, wote wanapita barabara moja.

Katika bonde la Puamau, kisiwani Hiva Oa huko Marquesas, imesimama tiki ya mawe iitwayo Takaii, yenye kimo cha takriban mita 2.6. Za mbao hazikubahatika kudumu hivyo. Mwaka 1819 mfalme Liholiho wa Hawaii alivunja mfumo wa miiko ya kale, na mahekalu pamoja na sanamu zake nyingi yakateketezwa. Sanamu kubwa za hekaluni za mungu Ku zimebaki 3 tu: moja Honolulu, moja Salem nchini Marekani, na moja katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Mwaka 2010 zilikutanishwa zote Honolulu kwa muda. Ile ya London ni ya mshelisheli. Nilipolisoma hilo niliinuka nikaenda kulitazama gogo langu lililopasuka, na sikuweza tena kulitia jikoni.

Miti ya pwani ya Wapolynesia, kumbe, ni miti yetu. Mtondoo wanaochongea vyombo na sanamu ndio huu unaotoa kivuli ufukweni kwetu. Mvinje, ambao wao huuita toa, ndio waliochongea marungu ya vita kwa ugumu wake. Hata zana kuu ni moja: tezo. Tofauti ni kwamba kabla ya chuma kufika, tezo zao zilikuwa na makali ya jiwe, na jiwe zuri la kisiwa cha Eiao lilisafirishwa kwa mitumbwi hadi visiwa vya mbali sana. Mtu aliyechonga mbao kwa jiwe alilazimika kuuelewa mti kuliko sisi tunaonunua patasi dukani.

Watu wengi, hata hivyo, wameijua tiki kupitia Marekani. Kuanzia miaka ya 1930, migahawa na baa za California zilipambwa kwa sanamu hizi, na safari ya Mnorwei Thor Heyerdahl kuvuka Pasifiki kwa chelezo kilichoitwa Kon-Tiki mwaka 1947 ikazidi kuwasha hamu. Huko Whittier, karakana ya Oceanic Arts ilichonga tiki za mapambo tangu 1956 hadi ilipofungwa 2021. Kutokana na mkondo huo wakazaliwa wachongaji wa kujifurahisha: watu wenye kazi nyingine ambao jioni huchonga gogo la mchikichi wa mapambo uliokatwa bustanini. Wanaupenda mti huo kwa sababu hupatikana bure, ni laini ukiwa mbichi, na haupasuki kwa mtindo wa miti mingine.

Sina ugomvi na furaha yao. Lakini sura nyingi za mkondo ule zimekuwa za kutisha watoto na kuchekesha walevi, na anayeanza akinakili hizo atajifunza uchongaji mbovu. Watazame Wamarquesas wenyewe. Ufaransa ilivitwaa visiwa vyao mwaka 1842, mila zao zikapigwa marufuku, maradhi yakawamaliza kwa wingi, na bado uchongaji umeinuka tena: tangu 1987 wana tamasha lao kubwa la Matavaa, na mwaka 2024 visiwa hivyo viliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tiki si mabaki ya watu waliokwisha. Ukichonga moja, sema imetoka kwa nani.

Ukiitazama tiki ya Marquesas kwa makini utaona kwa nini ni mwalimu mwema. Kichwa kinachukua karibu theluthi ya kimo chote, kwa kuwa ndimo nguvu takatifu inamokaa. Macho ni makubwa ya duara, mdomo mpana, mikono imelazwa tumboni, magoti yamekunjwa. Hakuna kinachochomoza. Pua, tumbo na magoti vinafika pale pale gome lilipokuwa, na mengine yote yamerudi ndani kidogo. Sanamu imo ndani ya gogo na gogo limo ndani ya sanamu. Linganisha na kinyago cha ujamaa cha Wamakonde, watu wamepandana begani juu ya mpingo mmoja, ambapo pigo moja baya linaondoa mkono wa mtu. Kazi ile ni ya bingwa. Mwanafunzi na aanze na umbo linalosamehe.

Sasa maji. Gogo bichi la mti laini laweza kubeba maji yenye uzito unaokaribia ule wa mbao zake zenyewe. Maji hayo yamekaa mahali pawili. Mengine yamejaa katika uwazi wa chembe, kama maji mtungini. Hayo hutoka kwanza, gogo linakuwa jepesi, na hakuna kinachobadilika umbo. Mengine yamenyweka ndani ya kuta za chembe zenyewe. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30, kuta hizo zinaanza kukauka, na hapo ndipo mti unaposinyaa. Ndiyo maana tiki huonekana salama wiki kadhaa, mchongaji akajisifu, kisha ikapasuka ghafla.

Kama mti ungesinyaa sawasawa pande zote, tungepata tu sanamu ndogo kidogo. Lakini hausinyai hivyo. Kufuata urefu wake haupungui karibu chochote. Kutoka kiini kwenda gome unapungua kiasi. Kuzunguka mduara, kufuata pete zake, unapungua takriban mara mbili ya hapo. Fikiria mkanda unaojikaza kwenye kiuno kisichopungua kwa kasi hiyo: mwishowe mkanda unakatika. Ufa wa gogo ni mkanda huo uliokatika, na kwa hiyo siku zote unaelekea kwenye kiini. Mnazi, mchikichi na jamaa zao hawana pete wala kiini cha namna hiyo. Ni nyuzi zilizosongamana, ngumu nje na laini kama sponji ndani. Ndiyo siri ya bahati ya watu wa California.

Kwa mshelisheli, mwembe au mtondoo, ufa utakuja. Shauri lililobaki ni kuuchagulia mahali. Fundi hupasua mwenyewe: kwa msumeno, mgongoni mwa gogo, kuanzia juu hadi chini, kina kifike kwenye kiini. Gogo linapojikaza, mwanya ule unafunguka na uso unabaki mzima. Maseremala wa Japani huzikata nguzo zao hivyo upande usioonekana, na wachongaji wa nguzo kubwa za Pasifiki ya Kaskazini Magharibi huko Amerika mara nyingi hukomba mgongo wote ukawa mtupu, jambo linaloondoa kiini chenyewe na kupunguza mzigo.

Baada ya hapo paka nta ya mshumaa au rangi iliyobaki kwenye ncha zote mbili, maana maji hutoka upesi zaidi kupitia nyuzi zilizokatwa. Usichonge juani. Ukipumzika, funika kazi kwa gunia lenye unyevu. Lakini usingoje gogo likauke ndipo uchonge: kama udongo, mti nao huwahiwa ungali maji. Patasi inayozama katika mshelisheli mbichi kama kisu katika muhogo itaruka juu ya mkavu. Utomvu wake mweupe utaganda kwenye makali. Paka mafuta ya nazi kama unavyopaka kisu kabla ya kukata fenesi.

Zana si nyingi. Tezo kama unaijua, patasi bapa mbili, moja yenye mdomo wa mviringo, msumeno wa mkono, nyundo ya mti, na kinoo kizuri ambacho utakitumia kuliko vyote. Chora mstari wa katikati mbele ya gogo, ligawe kimo mara tatu: kichwa, kiwiliwili, miguu. Chini ya kidevu na chini ya viganja kata kwa msumeno, kina cha vidole viwili, kisha chonga kuteremkia kwenye mkato huo. Msumeno umekwisha kuzikata nyuzi, kwa hiyo kibanzi kinafika pale na kusimama. Bila mkato huo kingeendelea kuchanika hadi kitoke na kidevu. Teremka na nyuzi daima. Ukihisi patasi inachimba na kung'oa badala ya kukata, geuka, uje kutoka upande wa pili.

Macho yaache mwisho. Chora duara kwa mkaa, likate ukingo kwa patasi ya mviringo iliyosimama wima, halafu shusha mbao zilizo nje ya duara, usiguse za ndani. Jicho linainuka lenyewe kwa kuwa kilicho kando yake kimeshuka. Nilipoona hilo likitokea mikononi mwangu mara ya kwanza niliita watu wa nyumbani waje watazame.

Kujua imekauka ni kazi ya mizani. Ipime kila mwezi, uandike. Uzito ukikataa kushuka miezi miwili mfululizo, piga msasa panapohitaji, paka mafuta, basi.

Tiki yangu ya pili ipo mlangoni sasa, ya mshelisheli ule ule, kipande cha chini cha shina. Siku nilipoukata mgongo wake mwanya ulikuwa na unene wa meno ya msumeno tu. Mjukuu wangu amegundua kwamba kidole chake gumba kinaingia chote, na kila akija huanzia nyuma kupima. Kisha huzunguka mbele kuupapasa uso, kuanzia utosini mpaka kidevuni, akitafuta ufa ambao bibi yake alimsimulia kuwa ulinitoa kitandani usiku.