Mbolea ya Ubongo

Je, una mzazi ambaye ameanza kusahau alikoweka funguo? Huenda mmeshamwambia, "Mama, wewe keti upumzike, kazi tutafanya sisi." Mnasema hivyo kwa heshima. Lakini hebu tusikilizane kidogo.

Ndani ya ubongo kuna protini ambayo wataalamu huiita kwa kifupi BDNF. Iligunduliwa mwaka wa 1982 na Yves-Alain Barde na Hans Thoenen huko Ujerumani, walioichuja kutoka kwa ubongo wa nguruwe. Kazi yake ni kama ya mbolea shambani. Chembechembe za neva hupashana habari mahali zinapokutana. Unapojifunza jina jipya au njia mpya, maungio hayo huimarika, na protini hii husaidia yashike. Pia huzisaidia chembechembe zenyewe kuishi na kuchipua matawi. Inafanya kazi sana katika hipokampasi, sehemu ndogo ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya, ambayo husinyaa kadiri umri unavyosonga.

Sasa sikiliza haya. Mwaka wa 2011 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 120, wa miaka 55 hadi 80. Kundi moja lilitembea dakika 40, siku 3 kwa wiki, mwaka mzima. Kundi la pili lilinyoosha viungo tu. Hipokampasi za waliotembea ziliongezeka kwa asilimia 2 hivi. Za wenzao zilipungua. Tena, miongoni mwa waliotembea, wale ambao BDNF ilipanda zaidi katika damu ndio ambao hipokampasi ilikua zaidi. Ni kutembea tu, ndugu yangu, bila mashine yoyote!

Kwa hivyo mama akitaka kwenda sokoni kwa miguu, mwache aende. Ikibidi, mjukuu amsindikize. Na usikubali kuuziwa vidonge vya protini hii. Ukiimeza, tumbo litaisaga kama maharagwe.

Lakini akianza kupotea njia ya nyumbani kwake, huo si uzee tu, wala si uchawi. Mpeleke kituo cha afya apimwe, kwani wakati mwingine chanzo ni ukosefu wa vitamini au dawa anazotumia, na hayo hutibika. Mbebee dawa zake zote, hata za miti shamba, daktari azione.