Leseni ya Kahawa: Upendeleo wa Weupe Katika Nyanda za Gusii

Hoja ya upendeleo wa weupe inadai kwamba ubaguzi wa rangi haukomei kwa anayenyimwa. Yupo pia anayepewa, na huyo wa pili hustahili kuchunguzwa sawasawa na wa kwanza. Mwaka 1935 W. E. B. Du Bois alionyesha jinsi vibarua wazungu wa Marekani Kusini, ambao mishahara yao ilikuwa duni, walivyolipwa ziada isiyo ya fedha: heshima hadharani, polisi wa rangi yao, shule bora kwa watoto wao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Peggy McIntosh aliorodhesha faida ndogondogo ambazo Mzungu hupata kila siku bila kuzitambua. Tangu hapo hoja imeenea sana, na imepotoshwa sana.

Upotoshaji wa kwanza ni kudhani kwamba hoja hii humwita kila Mzungu tajiri. Haisemi hivyo; inasema tu kwamba miongoni mwa mizigo ya Mzungu maskini, rangi yake si mmojawapo. Wa pili ni kudhani kwamba upendeleo huhitaji moyo mbaya. Hauhitaji. Karani mpole aliyefuata kanuni alitosha. Wa tatu, unaosikika hadi leo masokoni, katika matatu na hata vyuoni nchini Kenya, ni ule wa "akili ya Mzungu": kwamba Mzungu alitangulia kwa kipaji alichozaliwa nacho, hivyo hapakuwa na upendeleo bali jasho na ubongo. Huu ni ushirikina uliovishwa suti. Historia ya Kisii na Nyamira inaukanusha waziwazi, na kwa ushahidi ulioandikwa na serikali ya kikoloni yenyewe.

Kaunti hizi mbili zilikuwa sehemu ya wilaya ya Kavirondo Kusini. Waingereza waliitiisha nchi ya Abagusii (Wakisii) kwa misafara ya kijeshi ya 1905 na 1908, huu wa pili ukija baada ya Otenyo Nyamaterere kumchoma mkuki ofisa Geoffry Northcote. Vijiji vilichomwa, ng'ombe wakaswagwa. Kisha zikaja kodi ya kibanda na kipande, cheti cha lazima cha kibarua. Upande wa mashariki, ng'ambo ya mpaka wa Nyamira ya leo, ardhi ya Sotik na Kericho ilitengwa kwa walowezi na makampuni ya chai, na mipaka ya nyanda za Wazungu ikatiwa muhuri wa sheria mwaka 1939, baada ya Tume ya Carter kuhusu ardhi. Mwanamume wa Kigusii aliyehitaji shilingi za kodi alivuka mpaka huo akachume chai ambayo hakuruhusiwa kuipanda kwake.

Lakini hakuna mahali ambapo upendeleo huo unaonekana vizuri kuliko katika kahawa, na ni lazima kukaa hapo kidogo.

Kahawa ya arabika ilihitaji leseni, na kwa miaka mingi Mwafrika wa Kenya hakuipata. Walowezi walitoa sababu tatu hadharani. Kwamba mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa. Kwamba ubora ungeshuka na kuiharibia jina kahawa ya Kenya huko London. Kwamba Mwafrika mwenye mibuni yake angepata kisingizio cha kuuza kahawa iliyoibwa. Sababu ya nne haikutangazwa kwa sauti hiyo, nayo ndiyo iliyokuwa na uzito: mwenye kahawa yake nyumbani hana haja ya kwenda kuchuma ya mwingine.

Ichukuliwe hoja ya magonjwa. Kutu ya majani iliyafilisi mashamba makubwa ya Wazungu huko Ceylon kuanzia 1869, ambako wenye mashamba hawakuwa Waafrika. Chulebuni, kuvu inayoweka madoa meusi yaliyobonyea kwenye tunda bichi hadi punje ndani ikaoza, iligunduliwa Kenya mwaka 1922, magharibi mwa nchi, wakati mibuni ilikuwa ya walowezi na wamisheni. Kuvu husambazwa na mvua: tone linagonga tunda lenye doa, linaruka na mbegu za kuvu, linatua kwenye tunda la jirani. Dawa yake ni kupogoa vizuri ili upepo upite, kuokota matunda yaliyokauka mtini, na kunyunyizia shaba kabla ya mvua. Katika hatua zote hizo hakuna hata moja inayouliza rangi ya ngozi ya mwenye shamba.

Hoja ya ubora nayo ilikuwa na jibu karibu sana. Kusini mwa mpaka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachagga walikuwa wakilima arabika kwa maelfu. Walianzisha chama chao cha wakulima mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Tanganyika nayo ilikuwa chini ya Mwingereza. Waafrika wa pande zote mbili walikuwa na mikono ileile na kahawa ileile. Tofauti ilikuwa nguvu ya walowezi juu ya serikali ya Nairobi.

Kuanzia 1933 na 1934 serikali ililegeza kamba, na hapo Kisii ikaingia katika historia: ilikuwa miongoni mwa wilaya chache za kwanza, pamoja na Meru na Embu, ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa. Zilichaguliwa hasa kwa sababu zilikuwa mbali na mashamba ya walowezi karibu na Nairobi. Miche ilihesabiwa, naye ofisa wa kilimo akasimamia kila hatua. Hata hivyo mibuni ilistawi kwenye udongo mwekundu wa Gusii, na ule uharibifu uliotabiriwa haukutokea. Vizuizi vingine vilisubiri mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954, ambao pia uliwafungulia wakulima wadogo njia ya chai. Leo majani ya wakulima wadogo wa Nyankoba na Kebirigo huuzwa katika mnada uleule wa Mombasa unaouza ya makampuni makubwa.

Hapa ndipo dhana ya upendeleo inapofanya kazi yake barabara: inamtazama mlowezi asiyemchukia mtu yeyote, na kuonyesha kwamba faida yake ya miaka mingi ilitokana na mshindani aliyefungiwa nje kwa sheria. Inaonyesha pia kwamba upendeleo huo ulikuwa ngazi. Mhindi aliruhusiwa duka mjini Kisii lakini si shamba katika nyanda za Wazungu. Katika utumishi wa serikali, Tume ya Holmes ya 1948 ilipendekeza asiye Mzungu alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile. Kanuni hiyo iliachwa baada ya Tume ya Lidbury ya 1954.

Dhana hiyo inasaidia pia kuelewa maisha ya Abagusii wengi waliohamia Minnesota, hasa Brooklyn Park na Brooklyn Center, kaskazini mwa Minneapolis. Huko Minneapolis, kuanzia 1910, hati za nyumba ziliandikwa masharti ya kutouzia wasio Wazungu. Jimbo lilipiga marufuku masharti mapya mwaka 1953, na sheria ya taifa ya 1968 ikaharamisha ubaguzi wa makazi. Mzungu aliyerithi nyumba ya babu yake huenda hajawahi kumbagua mtu. Thamani ya nyumba ipo palepale. Muuguzi aliyetoka Nyamira anaanza kwa mkopo. Semina za kuwafanya wafanyakazi Wazungu waungame upendeleo wao hazigusi hati wala mkopo huo hata kidogo, na kuziita ukombozi ni kuwapotezea watu wakati.

Dhana hii ina mpaka wake, na wanaoivusha mpaka huo wanaiharibu. Ndani ya Kisii, walionufaika mapema na kahawa walijumuisha machifu, akiwemo Musa Nyandusi wa Nyaribari, baba wa Simeon Nyachae aliyekuja kuwa waziri wa fedha. Ukaribu na serikali ya kikoloni uligeuka mibuni, mibuni ikageuka karo, karo ikageuka vyeo. Weupe ulijenga mlango. Hautoshi kueleza ni nani kati ya Waafrika aliyepita kwanza. Vivyo hivyo kwa ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kilomita mraba, na vipande vinavyogawanywa kila kizazi haviwezi kukuzwa na mjadala wa rangi. Mashamba yalipopimwa, hati ziliandikwa kwa majina ya wanaume, na namba za kupeleka chai kiwandani zikafuata hati. Mwanamke anayechuma tangu alfajiri mara nyingi huona malipo yakiingia kwa jina la mumewe. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika 1981 na Katiba ya 2010 zimempa haki ya kudai urithi, na madai hayo husikizwa leo katika mahakama za Kisii na Nyamira, kati ya ndugu na ndugu.