Mbabula haiingie katika chumba cha kulala



Kila mwaka, mwezi wa Tano ukiisha, mulango wa dispanseri yetu unajaa watu wanaokohoa. Mgeni anayetoka Matadi au Kisangani anashangaa: kumbe Kongo iko na baridi namna hii? Lakini ninyi wa Lubumbashi, wa Likasi na wa Kolwezi munaijua. Inchi yetu iko juu, mita 1200 na zaidi kupita bahari, na katika mwezi wa Sita na wa Saba mbingu haina mawingu. Mchana jua linawaka, joto linafika digri 25 hivi. Usiku, kwa kuwa hakuna mawingu ya kufunika inchi kama bulangeti, joto lote linapanda juu na kupotea, na karibu na mapambazuko inabakia digri 6 au 7. Nyumba ya manjanja isiyo na dari inapoa kama sufuria iliyotolewa motoni.

Basi mtu anafanya nini? Bukari imekwisha kuiva, makala yangali mekundu, ni hasara kuyazima. Anabeba mbabula, anaiweka kati ya vitanda, anafunga mulango na dirisha ili joto lisitoke. Juu ya mbabula hiyo ninataka tuzungumze.

Miaka kadhaa iliyopita, alfajiri moja ya mwezi wa Saba, walituletea baba, mama na watoto wawili. Jirani alikuwa amekuja kumwita baba waende pamoja kazini. Alipiga hodi, akapiga tena, kimya. Walipovunja mulango wakamkuta mama ameanguka chini, mkono wake karibu na kitasa. Nyumba haikuungua, hata nguo moja haikushika moto. Dirisha lilikuwa limezibwa vizuri kwa magunia, kwani walitaka kutumia makala kidogo. Mimi mwenyewe, nitawaambia kweli, nilianza kutayarisha kipimo cha malaria. Ni yule jirani aliyesema: «Muganga, mule ndani kulikuwa mbabula.» Wakubwa wawili na mtoto mmoja walipona. Yule mdogo hakuamka.

Kilichomwua si moshi. Ni hewa inayoitwa monoksidi ya kaboni, inayotoka katika makala yanayowaka. Haina harufu, haina rangi, haichomi macho wala koo. Moshi unakufukuza inje, lakini hewa hii inakuacha umelala. Munajua kwamba damu inabeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kichwani, moyoni na mahali pote pa mwili. Sasa damu inashika hewa hii ya sumu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko inavyoshika oksijeni. Kidogo kidogo nafasi ya oksijeni inakwisha, na mtu anaendelea kupumua kama kawaida huku mwili wake unakosa hewa. Mtoto aliye tumboni anaumia zaidi ya mama yake. Kwa hiyo mama mwenye mimba ajilinde mara mbili.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuwa mizito, akili kuchanganyikiwa. Ni rahisi kusema: ni malaria, au ni uchovu wa kazi. Lakini kama watu wote wa nyumba wanaamka siku moja na kichwa kinauma, bila joto la mwili, na wakikaa inje wanasikia nafuu, fikirini mbabula.

Wengine wananiambia: «Sisi tunaweka sahani ya maji karibu.» Maji hayanywi hewa hiyo. Wengine: «Tunangoja makala yawe mekundu, pasipo moshi.» Makala mekundu yanaitoa vilevile, na yaliyofunikwa na majivu yanaendelea kuitoa usiku kucha. Wengine wanaacha mulango wazi kidogo. Hiyo haitoshi kwa mtu anayelala.

Najua mutaniuliza: sasa tufe na baridi? Hapana. Na tena, joto la bure ni lingi kuliko munavyofikiri.

Anzeni mchana. Jua likipanda, fungueni madirisha yote, mutoe magodoro na mabulangeti yapigwe na jua. Jua likianza kushuka, kabla upepo haujabadilika, rudisheni matandiko na mufunge. Watu wengi wanafunga wakati giza limekwisha kuingia, na hapo wanafungia baridi ndani. Zibeni nafasi chini ya mulango kwa gunia lililokunjwa, lakini tundu za hewa zilizo juu ya ukuta ziacheni wazi.

Halafu mutazame kitanda. Baridi nyingi inatoka chini, si juu. Mtoto anayelala mukeka juu ya sima, hata mukimfunika mabulangeti matatu, atatetemeka. Wekeni kwanza makartoni, halafu gunia kavu, halafu mukeka, na bulangeti moja likunjwe chini yake. Kartoni munaipata bure kwa wachuuzi wa soko. Nguo mbili nyembamba zinapita moja nzito, maana hewa inayokaa kati yake ndiyo inayotunza joto. Mtoto mchanga avae kofia na soksi, na akiwa mdogo sana mama amshike kifuani, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja.

Moto wa chakula ufanye kazi mbili. Wakati sufuria iko juu ya mbabula inje, au chini ya baraza, wekeni matofali mawili pembeni yake. Chakula kikiiva, matofali yamepata moto. Yafungeni katika nguo nzito na muyaweke katika kitanda, upande wa miguu, dakika chache kabla ya kulala. Chupa yenye maji ya moto, iliyofungwa kabisa na kuviringishwa kitambaa, inafanya vilevile. Kwa mtoto mdogo, ondoeni tofali au chupa kabla hajalala, maana ngozi yake inaungua upesi.

Maharagi yalowekeni tangu jana. Yachemke nusu saa hivi, sufuria ikiwa na kifuniko, halafu muitoe motoni na kuifunga ndani ya bulangeti la zamani na gunia. Itaendelea kuiva yenyewe masaa mengi. Mukirudi mutaichemsha tena kidogo tu. Kwa kupata kilo 1 ya makala mchomaji anatumia kilo 5 hadi 10 za mti, na ndiyo sababu msitu unakimbia mbali na gunia linapanda bei kila mwaka.

Juu ya lutuku nitasema kidogo, kwa sababu wenyewe wananijua. Inapeleka damu karibu na ngozi, unasikia joto, na joto hilo linatoka mwilini na kupotea. Uji wa moto unafaa zaidi. Na wale wenye resho ya waya wazi, hiyo haina sumu ya makala, lakini umeme ukikatika usiku na kurudi watu wamelala, nguo iliyo karibu itashika moto. Ichomoeni.

Kama munamkuta mtu ameanguka katika nyumba yenye mbabula, fungueni mulango na madirisha mara moja, muzuie pumzi na mumvute inje. Musichelewe kutafuta viatu wala maji ya kumwagia. Kama hapumui, mumpulizie hewa mdomoni mpaka msaada ufike. Leteni watu wote waliolala humo, hata yule anayesema amepona, kwa sababu dawa yake ni oksijeni na sisi tunayo katika chupa. Kile kifaa kidogo tunachoweka kwenye kidole kinaweza kuonyesha kwamba hewa ni nzuri wakati damu imejaa sumu. Kwa hiyo mukifika mlangoni kwetu, kabla ya kutaja jina na namba ya kazi, semeni kwanza kwamba mbabula ilikuwa ndani.