Kusahihisha kwa Kompyuta Mazoezi ya Programu za Mantiki: Mfano wa Njia ya Misafara ya Tabora

Lugha ya Prolog, iliyotungwa Marseille na Alain Colmerauer na Philippe Roussel mwaka 1972, ilizaliwa katika kazi ya kuifahamisha kompyuta sentensi za Kifaransa. Kwa hiyo si ngeni kwetu wanaisimu. Mwandishi wake haitajii mashine hatua za kazi, bali huipa mambo ya kweli na kanuni, kisha huiuliza. Je, kanuni za mwanafunzi zaweza kusahihishwa na mashine yenyewe?

Tuchukue njia ya misafara ya kale. Mambo ya kweli ni matano: njia(bagamoyo, mpwapwa), njia(mpwapwa, tabora), njia(tabora, ujiji), njia(tabora, karagwe) na njia(karagwe, buganda). (Majina yaanza kwa herufi ndogo, kwani katika Prolog herufi kubwa ni alama ya kisichojulikana.) Mwanafunzi atunge uhusiano fika(A, B). Jibu sahihi lina kanuni mbili: msafara hufika B kutoka A ikiwa iko njia ya moja kwa moja, au ikiwa iko njia toka A hadi C, na kutoka C waweza kufika B.

Msahihishaji dhaifu huuliza tu kama kutoka Bagamoyo waweza kufika Tabora. Basi aliyeandika kanuni ya hatua moja na ya hatua mbili hupata alama zote, ilhali msafara wake hautafika Ujiji kamwe.

Tabora ni njia panda, na hapo ndipo kosa la siri hufichuka. Mwanafunzi mwingine ametia katika kanuni ya pili, baada ya njia(A, C), alama ya kukata, inayoizuia mashine kurudi kujaribu tawi jingine. Katika barabara isiyo na tawi programu yake haina dosari. Hapa Tabora yashika tawi la Ujiji, yakwama ziwani, na Buganda haionekani. Lakini tawi la Karagwe, alilopita Speke mwaka 1861, likitangulia kuandikwa, Buganda yapatikana! Hapana budi, basi, msahihishaji abadilishe mpangilio wa mambo ya kweli na kulinganisha majibu yote kama seti.

Kesi ngumu ni ya aliyeandika: waweza kufika B ikiwa waweza kufika C, na toka C iko njia hadi B. Kimantiki hakukosea hata kidogo. Ila mashine, ikiisha kutoa majibu yote matano toka Bagamoyo, huendelea kujiuliza bila kikomo. Robert Kowalski alitenganisha mwaka 1979 mantiki na uendeshaji; nami naona alama zitenganishwe vivyo hivyo, maana kumpa sifuri mwanafunzi huyu ni dhuluma. Tena ripoti iseme "haikumaliza katika muda uliowekwa", isiseme "haina mwisho": Turing alithibitisha mwaka 1936 kwamba hakuna njia moja ya kuamua jambo hilo kwa kila programu.

Wapagazi wa Kinyamwezi, hata hivyo, walirudi pia. Ongeza njia(ujiji, tabora), na hata jibu la mwalimu litazunguka baina ya miji hiyo miwili daima. Kama zoezi lina njia za kurudi, sharti mwanafunzi aambiwe kabla hajaanza kuandika.