ADA YA JANUARI NA MPUNGA WA JUNI

Jina la Ifakara si geni visiwani. Wengi wetu tulilijua kwa mchele kabla ya kulijua kwa jambo jingine lolote, na wachache waliosoma wanalijua pia kwa ile maabara ya utafiti wa maradhi iliyoanzishwa na Profesa Rudolf Geigy wa Basel katika miaka ya hamsini, ambayo hivi leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Leo hatukukusudia kuzungumzia mpunga wala malaria, ingawa mpunga utaingia tu, upende usipende, kwa kuwa hakuna jambo katika bonde la Kilombero lisilopitia kwenye mpunga. Tulichokusudia ni ada ya skuli.

Lipo suala ambalo limekuwa likiulizwa kwa muda mrefu katika vikao vya Chama na katika ofisi za Serikali, na kwa kawaida huulizwa kwa sauti ya chini. Je, ni halali kwa Chama cha wakulima na wafanyakazi kuzibeba skuli ambazo mtoto hawezi kuingia mpaka mzee wake alipe? Sisi wa visiwani tuna sababu yetu ya kuliuliza kwa uchungu zaidi. Kabla ya Mapinduzi elimu ilikwenda kwa kabila na kwa mfuko wa mtu. Tarehe 23 Septemba 1964, Mzee Abeid Amani Karume alipotangaza elimu bila ya malipo, mlango ule ulifunguliwa kwa wote. Mtu aliyekulia katika kumbukumbu hiyo akisikia neno "skuli ya binafsi" hushtuka, na hatumlaumu.

Hata hivyo historia ya Bara ilipita njia nyingine, na ni lazima ielezwe kama ilivyokuwa. TANU ilizaliwa Julai 1954. Mwaka uliofuata ikaundwa TAPA, yaani umoja wa wazazi wa Kiafrika wa Tanganyika. Kazi yake kubwa ilikuwa kufungua madarasa pale ambapo serikali ya kikoloni na misheni hazikufika, au zilifika zikawaacha watoto wengi nje. Wazazi walikata miti, wakaezeka, wakachanga senti za kumlipa mwalimu ambaye mara nyingi yeye mwenyewe alisoma madarasa machache tu. Wakoloni waliziona skuli hizi kuwa ni za porini na wakataka zisajiliwe. Wananchi waliziona kuwa ni zao. Hapakuwa na mtu aliyepata faida kwa senti zile. Kwa hiyo anayesema kwamba ada ndogo ya wazazi ni fikra ya kibepari iliyoletwa juzi, hajui ilikotoka.

Hatuna haja ya kuirudia habari yote iliyofuata. Ulikuja Uhuru, likaja Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na sheria ya mwaka 1969 ikazitia skuli nyingi za misheni mikononi mwa umma. Ada ya skuli za msingi ikafutwa mwaka 1973, na Azimio la Musoma la 1974 likaweka lengo kwamba kufikia Novemba 1977 kila mtoto awe darasani. Hii ilikuwa kazi kubwa, na taifa lolote lingejivunia. Lakini mafanikio yenyewe yakazaa tatizo. Mamilioni walimaliza darasa la saba, na sekondari za Serikali zilikuwa chache mno. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika kila wahitimu mia moja, hawakufika watano waliopata nafasi humo. Mtoto wa miaka kumi na nne aliambiwa kwamba elimu yake imekamilika, arudi shambani.

Hapo ndipo umoja ule wa wazazi uliporudi kazini. Baada ya CCM kuzaliwa tarehe 5 Februari 1977, ulikuwa miongoni mwa Jumuiya tano za Chama, pamoja na JUWATA, UWT, VIJANA na WASHIRIKA, na jina lake likawa WAZAZI. Ukaanza kufungua skuli za sekondari mikoani, kwa ada ambayo mkulima aliweza walau kuifikiria. Vyama vya maendeleo vya wilaya, makanisa na jumuiya za Waislamu nao wakafanya hivyo. Kabla miaka ya themanini haijaisha, Bara ilikuwa na sekondari nyingi zisizo za Serikali kuliko za Serikali. Jambo hilo lilitokea katika nchi ya Ujamaa, chini ya Chama kimoja, na lilitokea kwa sababu wazazi walikataa kuambiwa kwamba elimu ya watoto wao imekamilika.

Sasa twende Kilombero. Bonde hili limekaa baina ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Masika yakipamba moto, mto hutapakaa katika uwanda ule mpana, na maji yakipungua huacha udongo wa rutuba. Wandamba, Wapogoro, Wabena na wageni wengi waliofuata mpunga, wakiwamo Wasukuma na mifugo yao, wanaishi kwa kalenda hiyo. Mvua zikianza, familia nyingi hufunga nyumba kijijini na kuhamia mashambani, mbali na barabara na mbali na skuli. Huko hujenga madungu, hulima, hupanda, na mpunga ukianza kukomaa hukaa kuwafukuza ndege na nguruwe. Kazi ya kuwafukuza ndege ni ya watoto. Mavuno huja baada ya masika, kuanzia Mei hadi Julai, na fedha huonekana hapo tu.

Lakini mwaka wa skuli huanza Januari. Mwenye skuli anataka ada Januari, pamoja na sare, madaftari na dawati. Januari ndio mwezi ambao mkulima wa Kilombero hana kitu. Akiba ya mpunga imekwisha au inakaribia kwisha, na kilichobaki kimelipia vibarua wa kulima. Akitaka fedha wakati huo atauza mpunga ungali shambani, kwa mlanguzi, kwa bei anayoitaka mlanguzi. Kwa hiyo skuli inayojiita ya ada nafuu inaweza kumgharimu mkulima huyu zaidi ya ile inayotajwa kuwa ya ghali, kwa sababu tu ya mwezi unaodaiwa. Mtu anayepanga viwango vya ada akiwa ofisini, ambaye mshahara wake huja kila mwisho wa mwezi, ni vigumu kwake kuliona hili.

Waalimu wetu wa vyuo vya Kurani waliliona. Mwalimu alipewa sarafu ya Alkhamisi, na asiye na sarafu alileta nazi, au mihogo, au alikwenda kumsaidia mwalimu shambani, na hakuna aliyefukuzwa kwenye mkeka katikati ya sura kwa sababu karafuu hazijaiva. Hatusemi kwamba sekondari yenye maabara na mitihani ya taifa iendeshwe kwa nazi. Tunasema kwamba ada ilifuata mavuno, na mtoto alihitimu.

Ni haki pia kusema pale tuliposhindwa. Skuli nyingi zilizofunguliwa na Jumuiya yetu zilifunguliwa kwa haraka, na nyengine kwa sifa. Ada ilikuwa ndogo, lakini ndogo kiasi cha kutotosha mshahara wa mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu akaondoka. Matokeo ya kidato cha nne yakawa mabaya, wazazi wenye uwezo wakawaondoa watoto, ada ikazidi kupungua. Madeni yakafuata. Sekondari za kata zilipoenea kuanzia mwaka 2006, na ada ya sekondari za Serikali mpaka kidato cha nne ilipofutwa Januari 2016, skuli za aina hii zikapoteza wanafunzi kwa kasi. Baadhi zilifungwa, baadhi zikakabidhiwa kwa Serikali. Yule aliyezisimamia akiwa kada wa Chama asitafute mchawi.

Kuna watakaosema kwamba basi suala limekwisha. Elimu ni bila ada, sekondari iko katika kila kata, skuli za wazazi za nini? Tunaiheshimu hoja hii, na kwa sehemu kubwa tunaikubali. Ruzuku ya Serikali iliyopangwa mwaka 2016, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, ilimpunguzia mzazi mzigo wa kweli. Lakini sekondari ya kata ni ya kutwa, na katika bonde la Kilombero kata ni pana. Mtoto ambaye wazazi wake wako kwenye dungu ng'ambo ya maji hana pa kulala kijijini. Anachohitaji ni bweni, uji wa asubuhi na mtu mzima wa kumwangalia usiku, hasa akiwa wa kike. Skuli za kata nyingi hazina hayo, na hapo ndipo skuli ya ada nafuu, au chama kisichotafuta faida kinachoisaidia, kina kazi ya kufanya ambayo haishindani na Serikali.

Kwa maafisa wanaousoma ukurasa huu tuna maneno machache. Mwaka 2016 Serikali iliachana na mpango wa ada elekezi, na tunaamini ilifanya vyema, kwa kuwa kiwango kimoja kingeziua skuli ndogo na kuziacha kubwa. Lakini skuli ndogo bado huulizwa vibali vilevile, kama skuli inayotoza mamilioni jijini. Chama kisichogawana faida, kilichothibitishwa kwa mahesabu yaliyokaguliwa, kingestahili kutazamwa kwa jicho jengine. Na mkaguzi akifika katika skuli ya bondeni mwezi Machi akakuta madarasa nusu tupu, asiandike utoro tu katika daftari lake. Aulize watoto wako shamba gani, nani amebaki nao, na ada yao inadaiwa mwezi gani.

Walezi wa skuli hizo nao wanaweza kuanza mwaka huu bila kungoja waraka wowote: wapokee robo ya ada Januari na iliyobaki Agosti, mpunga ukishauzwa kwa bei yake.